Mguu wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikataa kulala ndani ya nyumba yangu, na mimi nikamwombea kwa hasira. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia Mungu amfungue macho mama huyu aliyefungwa na mila, na kila neno nililotamka lilikuwa na ncha. Mke wangu alikuwa amelala upande wa ukutani akinisikiliza. Nilipomaliza, hakusema amina.

Mama alikuwa ameteremka kutoka Timau siku hiyo na kiroba cha viazi, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na kidonda. Ana ugonjwa wa sukari. Jembe lilimchubua kisigino cha mguu wa kulia akipalilia viazi vyake, akapaka majivu, akaendelea kupalilia. Alipofika kwa daktari, kisigino kilikuwa kimefunguka. Daktari hakuzunguka. Alisema kidonda kioshwe na kufungwa kila siku, bila kuruka, la sivyo mguu utakatwa. Kule kwake anaishi peke yake, zahanati iko mbali, na baridi ya huko unaijua kama umewahi kuoga asubuhi ukiwa huko. Ndiyo maana mke wangu akaamua mama yake aje kwetu, Majimbo, hapa mjini Embu, akae mpaka apone.

Sasa nieleze jambo hili, maana vijana wa siku hizi wanaliona kama hadithi. Kwetu Embu, na kule Meru vilevile, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono. Mkwe haoni kitanda cha mama mkwe. Mama mkwe hali mbele ya mkwe wala halali chini ya paa lake. Marehemu mama yangu aliwahi kujitosa katikati ya mibuni shambani akiwa na debe la maji kichwani ili tu asikutane uso kwa uso na mume wa dada yangu, na debe lote likamwagika. Tulicheka wiki nzima. Yeye hakucheka.

Mimi nilijiona nimeyavuka hayo. Nilikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, na mwenyekiti wa kamati ya huduma. Nilikuwa nimemwandalia mama chumba kizuri, kile cha watoto wetu kabla hawajaondoka, chenye dirisha la kuelekea bustanini. Alikitazama akiwa mlangoni, akamshukuru binti yake kwa Kimeru, kisha akauliza kama kuna mahali pengine. Akalala chumba cha nje, tunamoweka mahindi na vitabu vyangu vya zamani. Alipendelea panya kuliko paa langu. Hivyo ndivyo nilivyoliona jambo lile, na nilimwambia mke wangu maneno hayohayo.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mama huyu hakuwa mtu wa kusemwa hajui Mungu. Ameimba katika kwaya ya kanisa lake tangu msichana. Kila alfajiri nilimsikia akiomba kule chumbani, kwa sauti ya chini, na katika maombi yale aliniombea. Aliniita Muthoni, yaani mkwe, hata mbele za Mungu. Kisha jua likichomoza, nikipita kwenda kufungua maji, alivuta leso akafunika uso. Nilitamani kumuuliza, wewe mama, unaniombea halafu unajificha? Lakini kumuuliza kungekuwa ni kuongea naye, na kuongea naye kulikuwa na taratibu zake.

Niseme kidogo kuhusu kamati ya huduma, kwa sababu niliiongoza miaka minane na nilijivunia kuliko nilivyojivunia watoto wangu. Tulikuwa na fulana zenye maneno ya utumishi mgongoni. Tulitembelea wajane, wagonjwa, na wazee waliosahauliwa huko Mbeere. Hatukuwahi kupeleka unga bila picha. Mgonjwa aliketishwa katikati, unga ukawekwa magotini pake, sisi tukajipanga nyuma yake tukitabasamu, na kabla hatujafika barabarani picha ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la kanisa kwenye simu. Nakumbuka bibi mmoja aliomba kwanza afunge kitambaa kichwani. Tulimwambia hakuna haja, mama, Mungu anaangalia moyo.

Mke wangu ni matroni katika shule ya bweni upande wa Siakago. Huja Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Siku za katikati ya wiki, kidonda cha mama kilikuwa kikifungwa na muuguzi mmoja mstaafu anayeishi mtaa wa Dallas, mama mwenye mikono ya taratibu na mdomo mkali. Alikuja kila asubuhi, akafunga mlango wa chumba cha nje, na dakika ishirini baadaye akatoka. Mimi sikuruhusiwa hata kubeba ndoo. Mambo yalikwenda hivyo mwezi mzima, na kidonda kikaanza kukauka pembeni.

Jumatatu moja jioni muuguzi alinipigia simu. Alikuwa amefiwa na shangazi yake Chuka.

“Mwalimu, tafuta mtu wa siku kama nne hivi. Hiyo kidonda isiachwe. Hata siku moja, umenisikia?”

“Nitatafuta,” nikamwambia.

Sikutafuta. Jumanne nilikuwa na mkutano wa kamati, maana Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa Jumapili ya Huduma na mimi ndiye niliyepewa mahubiri. Jumatano nilikuwa nikiyaandika. Nilikuwa nimechagua habari za Bwana kuwaosha wanafunzi wake miguu, na nilikuwa nimefika mahali pazuri sana kuhusu unyenyekevu. Mama mwenyewe hakuja kuniambia kitu, kwa sababu hangeweza kuja kuniambia kitu. Alhamisi asubuhi nilipita karibu na dirisha la chumba cha nje nikasikia harufu.

Nilisimama pale. Mke wangu angefika kesho yake jioni. Kanisani kwetu kulikuwa na kikundi cha akina mama zaidi ya arobaini, na nusu yao wanaishi umbali wa kuitwa kwa sauti. Ningempigia simu mmoja tu angekuja na aproni yake. Ningeweza kuita gari nimpeleke mama zahanati. Haya yote niliyajua nikiwa nimesimama pale, sikuyajua baadaye. Lakini mahubiri yalikuwa kichwani, na mguu ulikuwa pale, na mimi nikaona kama Mungu ameviweka pamoja makusudi. Niliingia sebuleni nikaomba hekima kwa muda wa dakika tano hivi, kisha nikajijibu mwenyewe.

Nilimpigia simu katibu wa kamati, mwanamume wa makamo mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilimwambia aje anishikie taulo. Alikuja mara moja, na fulana yake ameivaa. Nikachukua beseni, maji ya vuguvugu, sabuni, bendeji, tukaenda hadi mlango wa chumba cha nje. Nikapiga hodi. Mama hakusema karibu. Nikapiga tena. Hakusema karibu. Nikaingia.

Alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya gunia lililokunjwa. Aliponiona alivuta leso upesi hivi kwamba iliangusha kitambaa chake cha kichwa.

“Muthoni, toka,” alisema. “Nakuomba. Binti yangu anakuja kesho.”

“Mama, hiyo kidonda inaoza.”

“Wacha ioze. Toka.”

“Haya ni mambo ya zamani, mama. Sisi tumeokoka.”

“Hata mimi nimeokoka,” akasema. “Toka.”

Nikapiga magoti. Nikamshika mguu. Hakuweza kuuvuta, ulikuwa umevimba na ulikuwa unamuuma, basi aligeuza uso akautazama ukuta na kujifunika kichwa chote kwa leso. Sikusikia neno jingine kutoka kwake. Nilimwosha. Nilimfunga bendeji vibaya, ikawa na mafundo kama mzigo wa kuni. Machozi yalinilenga nikiwa nimepiga magoti pale, na nakiri nilifurahi kuyaona yakija. Nyuma yangu nilisikia simu ya katibu ikilia klik, klik.

Sikumkataza. Mnisikie vizuri: sikumwambia piga, lakini pia sikumwambia acha, na nilipiga magoti kidogo zaidi ya nilivyohitaji.

Saa sita mchana picha ilikuwa kwenye kundi la kanisa. Mimi nimeinama, beseni, na mguu wa mama mkwe wangu uko wazi mpaka karibu na goti. Vialama vya mikono iliyokunjwa na vidole gumba vilijaa chini yake mpaka nikachoka kuvihesabu. “Mwalimu umetubariki.” “Huyu ndiye mzee wa kweli.” “Wakwe wote waone hii.” Mchungaji akauliza kama wanaweza kuionyesha ukutani Jumapili wakati wa mahubiri. Nikajibu kwamba utukufu ni wa Mungu, jambo ambalo kwa lugha ya kanisa lina maana ya ndiyo.

Jioni simu ndogo ya mama ililia. Nilikuwa nikikata majani nyuma ya chumba chake nikasikia sauti ya mwanamke, kubwa, ya watu wa Timau wanaozungumza kwenye simu kana kwamba wanaitana ng’ambo ya shamba la ngano. Alisema, “Nimeona mguu wako. Mjukuu wangu amenionyesha. Kwani uko salama?”

 Mama akasema, “Niko.”

Ijumaa asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Alikuwa amekifagia. Kitanda alikitandika, magunia ya mahindi aliyapanga, hata vitabu vyangu alivifuta vumbi. Alikuwa ametembea kwa mguu ule mpaka stendi, mwendo ambao mimi mwenye miguu miwili mizima unanichukua robo saa, na kwa mahesabu yangu alipanda gari la kwanza la kwenda Meru. Watu walimwona akijishikilia kwenye ukuta wa posho mili, pale panaposagwa mahindi. Mmoja alimuuliza kama asaidiwe, akasema hapana.

Mke wangu alifika jioni. Alikuwa ameshazungumza na mama yake njiani. Niliyategemea makelele, nikajiandaa kwa makelele, nina majibu mengi ya makelele. Aliketi bila kuvua koti.

“Mama anasema ulimwosha kama maiti,” aliniambia. “Anasema maiti peke yake ndiyo haiulizwi.”

“Nilimsaidia!”

“Nimekuambia alichosema.”

“Kidonda kilikuwa kinanuka! Ulitaka nifanye nini?”

“Ungenipigia simu,” akasema. “Ungempigia mwanamke yeyote Embu hii.”

Alfajiri ya Jumamosi akaenda Timau, na mimi Jumapili nikasimama kuhubiri. Picha ilikuwa ukutani nyuma yangu, kubwa kuliko mlango. Nilihubiri unyenyekevu kwa dakika arobaini nikiupa mgongo mguu wa mama mkwe wangu. Wengine walilia. Nilishikwa mikono mingi sana pale mlangoni. Nilirudi kwenye nyumba isiyo na mtu nikala mkate na chai baridi, na bado nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu yote niliielekeza Timau.

Mke wangu alirudi na sharti. Mama angekubali kuja tena Embu, kwa muuguzi yule, na kulala chumba kilekile. Lakini mimi nisimame kanisani, mbele ya wale walioonyeshwa mguu wake, niwaambie kwamba alikataa.

“Hilo tu?” nikauliza.

“Hilo tu.”

“Hataki mbuzi?” Kimila, mkwe aliyevuka mpaka hutoa mbuzi, na mimi nilikuwa tayari kabisa na hotuba yangu ya kukataa mbuzi.

“Hataki. Amesema aliokoka kabla wewe hujazaliwa.”

Ningependa kuandika hapa kwamba maneno hayo yaliniingia. Hayakuniingia. Niliona mama huyu anataka kunidhalilisha mbele ya watu niliowaongoza. Nikasema nitafikiria. Jumapili ya kwanza kulikuwa na mgeni kutoka makao makuu ya kanisa, singeweza kuharibu ibada. Jumapili ya pili nilikuwa na mafua. Mke wangu aliomba ruhusa ya siku nne akaenda kumfunga mama kidonda, akarudi kazini, akamwachia jirani, jirani akafanya alivyoweza kwa maji ya chumvi. Kila jioni alinipigia simu kutoka Siakago akaniambia rangi ya kile kidonda. Hakuniomba tena niseme kanisani. Alinitajia rangi tu, kisha akakata simu.

Hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nilifanye la kuchekesha au la kulia. Nikanunua mbuzi. Mimi, niliyefundisha madarasa manane ya ubatizo kwamba mambo ya mbuzi ni giza, nilienda kwa mwenye bucha, Mwislamu mmoja wa hapa mjini tuliyezoeana, nikamwambia anichagulie beberu mzuri asiye na doa.

“Mwalimu, ni ya sherehe?” akaniuliza.

“Ni ya mama mkwe.”

“Amefanya nini, huyo mama?”

“Si yeye. Ni mimi nilimkosea.”

Alinitazama, kisu kikiwa mkononi. “Sasa si umwambie samahani tu? Mbuzi itamwambia nini?”

Nilimwambia hajui mila zetu. Alicheka sana, na nilimchukia mpaka nilipofika nyumbani. Mbuzi akapakiwa kwenye pikapu ya mtu anayepeleka mboga upande wa Timau. Kesho yake akarudi kwa pikapu ileile, kamba yake shingoni, na kabichi mbili kubwa kando yake. Kabichi zilikuwa za heshima, ili isionekane ananirudishia kwa ubaya. Dereva alisema mama hakutoka nje, alisema kutoka ndani tu kwamba amwambie Muthoni kwamba alichoomba si mbuzi.

Basi ikafika Jumatano ya wiki ya tatu. Mama alipata homa, jirani akatafuta gari, akapelekwa hospitali. Alhamisi mchana mke wangu alinipigia simu kutoka huko.

“Wamekata,” alisema.

Nilimuuliza wapi. Akasema juu ya goti.

Jumapili ile nikasimama. Mtu angesema sasa nilikuwa nimepondeka, na nilikuwa nimepondeka kweli, lakini mtu anaweza kupondeka na bado akachagua maneno. Nilisema mpendwa mmoja nyumbani kwangu amepitia mapito. Nilisema huenda katika bidii yangu ya kutumika sikuzingatia hisia za wengine, na kwamba najinyenyekeza mbele za Bwana. Sauti ilitetemeka mahali panapofaa. Kanisa lote likapiga makofi. Mama mmoja alipiga vigelegele. Mchungaji alinikumbatia, akawaambia vijana watazame, huyu ndiye kiongozi anayejua kutubu.

Mke wangu alikuwa ameketi nyuma kabisa. Alitoka kabla ya baraka, akaenda moja kwa moja hospitali. Mazungumzo yao alinisimulia usiku ule bila kuongeza wala kupunguza, kama anavyowasomea wanafunzi taratibu za bweni.

Mama aliuliza, “Amewaambia?”

“Amesema.”

“Walifanya nini?”

“Walipiga makofi.”

Mama akafikiri. “Basi hajawaambia,” akasema.

Nililala juu ya maneno hayo wiki nzima, kama ni kulala. Nilimwomba Mungu hekima tena, na safari hii sikujijibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari tangu mwezi uliopita, limetoka kwa mama mwenyewe, na lilikuwa fupi. Jumapili iliyofuata nilimfuata mchungaji ofisini nikamwomba dakika tatu.

“Mwalimu, si ulishasema?” akaniuliza. “Tena ulisema vizuri sana. Tusichoshe watu.”

Akaninyima. Basi nilingoja wakati wa matangazo, kati ya tangazo la harusi na lile la usafi wa uwanja, nikasimama nilipokuwa nimeketi.

Nilisema hivi. Mguu mliouona kwenye ule ukuta ni wa mama mkwe wangu. Nilipiga hodi, hakusema karibu, nikaingia. Aliniambia toka mara tatu. Nikamshika. Alijifunika uso, na katibu akapiga picha, na mimi sikumkataza. Ninyi mkaituma mpaka ikafika kwao Timau. Alitembea kwa mguu ule kuondoka kwangu. Akasema atarudi kutibiwa siku nitakayowaambia ninyi kwamba alikataa. Nilikaa Jumapili mbili nikilinda jina langu. Mguu umekatwa. Futeni ile picha.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mmoja alilia, akatolewa nje. Mchungaji alianzisha wimbo upesi hivi kwamba mpiga kinanda hakuujua ni upi. Pale nje katibu alinivuta kando akaniambia nimemchafua yeye na duka lake. Watu walionishika mikono mwezi mmoja kabla walikuwa na haraka ya kwenda kupika. Baada ya siku chache nilipata barua ya kunishukuru kwa miaka yangu minane, na mwenyekiti mpya akatangazwa. Nilisema nitawasamehe. Wengine nimewasamehe, na katibu bado.

Mama alirudi Embu. Sikumwita mimi. Alitaka muuguzi yule wa Dallas, mwenye mdomo mkali, ambaye tangu siku ile hanisalimii. Alilala chumba cha nje. Mke wangu alichukua likizo yake yote ya mwaka kukaa naye. Mimi nilijifunza kupita upande wa pili wa nyumba nikienda kufungua maji.

Siku moja mke wangu alikuwa ameenda sokoni. Niliketi kwenye ngazi ya nje ya chumba cha mama, nikiupa mlango mgongo kama inavyotakiwa. Nilijua yuko macho, nilisikia magongo yake yakigusa sakafu. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, na niliuliza swali hilo kwa mara ya kwanza.

“Mama,” nikasema, “nikufanyie nini?”

Magongo yalirudi kitandani. Nikainuka niondoke.

“Muthoni.”

“Naam, mama.”

“Mwisho wa mwezi narudi kwangu. Iko viatu chini ya kitanda yangu. Ile ya mguu wa kulia, itolewe. Sitaki nikute.”

“Nitaenda, mama.”

“Usiingie ndani,” akasema. “Mwambie jirani akutolee.”

Nilienda kesho yake. Upepo wa Timau siku hiyo ulikuwa wa kupenya mifupa, na ngano ilikuwa imevunwa, mashamba yote yamebaki mabua. Nilisimama langoni. Jirani alipotokea nikajua sauti yake kabla hajamaliza kusema, alikuwa ndiye aliyepiga simu ile jioni. Hakunipa mkono. Nilimweleza nilichotumwa, akaniangalia toka kichwani mpaka kwenye viatu vyangu, akaingia ndani.

Akatoka na gunia. Ndani mlikuwa na gambuti moja, buti la mpira la shambani, yenye matope yaliyokauka, ndara moja ya mpira wa tairi, na kiatu kimoja cheusi cha kanisani kilichofungwa kwa gazeti. Vyote vya mguu wa kulia. Nilikifungua kile cha kanisani. Kilikuwa kimepigwa rangi kikang’aa.

“Hiyo alipiga rangi Jumamosi ile ya kwanza,” jirani alisema. “Alikuwa amefunga mzigo tayari. Alisema kesho utasema kanisani, na Jumatatu atavaa akuje kwenu.”

Akarudi shambani kwake. Mimi nilibaki pale langoni na kiatu mkononi, na nilipokirudisha kwenye gazeti rangi ilikuwa imenishika vidoleni.